Mlango wa Chumba cha Cherehani

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, mke wa marehemu hakupanda kitandani. Alikaa sebuleni, simu ameiweka mezani, sauti ameifungulia hadi mwisho, na kila baada ya muda aliinyanyua kuangalia kama bado ina chaji. Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuwa hospitalini pembeni ya kitanda cha baba yake, na waliagana kwamba atapiga tu kukiwa na neno. Kwa hiyo simu ilipokaa kimya mama alishukuru, na kimya kilipozidi akaogopa. Jikoni bomba lilikuwa halivuji. Taa ya korido ilikuwa inawaka. Mwisho wa korido palikuwa na mlango mpya, haujapakwa rangi, umefungwa, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa gauni lake. Mara tatu usiku ule aliinuka akaenda kuujaribu, na mara tatu haukufunguka. Saa kumi na dakika ishirini simu ikaita. Kabla hajaipokea alikwisha kujua, maana habari njema husubiri kupambazuke.

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa nne kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Baba huyo alikuwa seremala ambaye watu walimfuata kutoka mbali, na kaka wote watatu wa marehemu walirithi mkono wake. Yeye alirithi hamu peke yake. Alipenda harufu ya mbao, alipenda sauti ya randa, ila chombo chochote kikiingia mkononi mwake kilikuwa kama kimeingia kwa mgeni. Akiwa na miaka saba alipewa nyundo apigilie msumari mmoja kwenye mguu wa kiti. Aliupigilia barabara. Alipoinuka, kiti nacho kikainuka, kwa sababu alikuwa ameupitisha kwenye kaptula yake. Baba yake hakumpiga. Alichomoa ule msumari taratibu, akamwambia, "Mwanangu, wewe shika kalamu. Nyundo itakuja kukuua." Marehemu alipokuwa akisimulia kisa hiki alicheka kila mara, lakini mkewe, ambaye ni mtu wa kuangalia nyuso, aliona kwamba macho hayakuwa yakicheka.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1972 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1978. Sekondari alisoma kuanzia 1979 hadi 1982. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa kazi ya kuandika vyeti vya wenzake. Somo la ufundi ndilo lililomshinda. Kwa mtihani wa mwisho alitengeneza stuli ya miguu minne, mitatu ikigusa chini na mmoja ukisubiri zamu yake. Mwalimu aliandika kwenye ripoti, na ripoti hiyo ipo nyumbani hadi leo: "Ana bidii sana. Asipewe msumeno." Stuli yenyewe aliondoka nayo, akaikata mguu huu, akaukata ule, mpaka ikatulia ikiwa fupi kama kibao cha kufulia. Alihama nayo kila alikohamia. Mwaka 1983 na 1984 alisomea ukarani.

Tarehe 1 Julai 1985 aliajiriwa kuwa karani wa masijala katika ofisi ya maji, na akafanya kazi katika chumba kile kile, mezani pale pale, kwa miaka thelathini na minne. Wenzake walimwita Mzee Faili. Karatasi ikipotea, mkubwa hakuuliza karatasi iko wapi, aliuliza, "Mzee Faili yuko wapi?" Aliistahi kazi yake na hakuchelewa hata siku moja, isipokuwa siku watoto walipozaliwa. Ila jioni, akivua viatu, alikuwa na lalamiko moja. "Faili haliishi," alimwambia mkewe. "Unalifunga leo, kesho mtu analileta na barua nyingine. Mimi sijawahi kumaliza kitu tangu nianze kazi." Alistaafu kwa heshima Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, akapewa cheti na suti nyeusi.

Mke wake alimpata kwa sababu ya suruali. Wakati huo binti huyo alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha kukodi, na siku moja mwaka 1991 akaingia karani mmoja nadhifu, amebeba suruali kwenye gazeti, haya imemjaa. Mfuko ulikuwa umechanika, akaamua kuushona mwenyewe, na katika kuushona akaushikiza na mguu wa suruali.

"Hii umeishona wewe?" yule binti alimuuliza, akijizuia.

"Usicheke, dada. Mguu mmoja unaingia vizuri kabisa."

Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Wiki iliyofuata karani akarudi na shati. Wiki ya tatu akarudi hana kitu chochote kilichochanika, akasema amepita tu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Walihamia nyumba yao mwaka 2001. Sehemu iliyobaki ya historia hii ni historia ya nyumba hiyo. Mwezi Agosti 2003 bomba la jikoni lilianza kuvuja, fundi bomba akaitwa, akasema anakuja, na kama mjuavyo fundi akisema anakuja. Siku ya nne marehemu alitoka kazini, akavua tai, akaingia chini ya sinki na bisibisi pamoja na kipande cha mpira wa baiskeli. Mkewe alisimama mlangoni ameshika ndoo, hajui aombe dua gani. Saa mbili zilipita. Akatoka amelowa hadi soksi, akasema neno ambalo baadaye lilikuja kuwa jina lake mtaani: "Imekwisha. Njooni mwone."

Na kweli halikuvuja. Ila kulifunga sasa unalizungusha kama unafungua, na kulifungua unalizungusha kama unafunga. Mkewe alitaka kulisema hilo, akamtazama, akaenda kuchemsha chai. Marehemu alileta ile stuli yake fupi, akamiminiwa chai kwenye kikombe cha bati cha buluu, akakaa mbele ya sinki.

"Unaangalia nini, baba watoto?"

"Halivuji," alijibu, na akakaa hapo mpaka chai ikaisha.

Tangu siku hiyo fundi hakuitwa tena kwenye nyumba ile. Swichi ya korido ikawa inawasha sebule, na ya sebule inawasha korido. Rafu ya vyombo ikainama kushoto. Watoto walijifunza kuweka vikombe upande wa kulia, vitelemke vyenyewe vijipange. Jirani yao, ambaye ni seremala wa kweli, alikuwa akipita uani makusudi. "Jirani, rafu yako imechoka, ipe kiti," alisema. Marehemu alijibu, "Imeanguka?" "Bado." "Basi ni rafu." Wageni wakija walielekezwa nyumba nzima kama mtu anayefundishwa kuendesha gari. Lakini lazima isemwe hapa, mbele ya kaburi lake: hakuna kitu alichotengeneza kikakataa kufanya kazi. Kila kimoja kilifanya kazi, ila ilibidi kwanza umuulize. Na kila alipomaliza alileta stuli, na chai, na akakaa kukitazama. Mkewe hakuwahi kumwona na uso ule mahali pengine popote, hata siku ya harusi.

Kwa miaka yote hiyo mama wa nyumba alikuwa akishona kwenye korido. Cherehani yake ya meza, yenye miguu ya chuma, iliwekwa ukutani, na kila aliyekwenda chooni alimpita mgongoni akisema samahani. Alizoea. Marehemu hakuzoea. Septemba 2019, miezi miwili na ushei baada ya kustaafu, alimwambia, "Nitakujengea chumba chako. Kiwe na dirisha, kiwe na mlango wako wa kufunga."

"Tumwite fundi."

"Fundi wa nini?"

Ilimchukua miaka minne. Ukuta wa kwanza ulianguka wenyewe. Wa pili aliuangusha yeye baada ya jirani seremala kuchungulia na kusema, "Naona ukuta wako unatusalimia." Wa tatu ulisimama. Mkewe alishika ngazi. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo miaka yote minne, kushika ngazi na kuangalia juu, akihesabu pumzi za mumewe, maana ziliongezeka sauti kila mwezi na yeye ndiye aliyezisikia wa kwanza. Alimwambia akapimwe. Akasema akimaliza bati. Akamaliza bati, akasema akimaliza sakafu.

Februari 2023 walikwenda hospitali, wakaambiwa moyo umepanuka. Daktari, kijana mpole, alisema asinyanyue kitu kizito kuliko birika.

"Birika limejaa, au tupu?" marehemu aliuliza.

Daktari alicheka. Mkewe hakucheka. Walipofika nyumbani alificha nyundo kwenye gunia la vitambaa, na kesho yake akasikia nyundo inagonga, amenunua nyingine. Alilia, akagomba, akamtuma binti muuguzi aseme naye, akamtuma shangazi wa watoto, ambaye ni mdogo wake marehemu na hana simile. Akawasikiliza wote kwa adabu. "Umebaki mlango tu," aliwaambia. "Nikiacha sasa, nitakuwa mtu wa kuacha. Na kitu kimoja nawaomba: hata nikilala, mlango huu asiuguse fundi." Mkewe akaahidi, kwa kuwa alikuwa hajui la kufanya, na kuahidi kulikuwa angalau kitu. Mtu unayempenda akiamua kujichosha kwa ajili yako, huna pa kushika.

Jumatatu, tarehe 30 Oktoba 2023, mama alitoka kupeleka sare shuleni. Aliporudi jioni korido ilikuwa tupu. Cherehani haikuwepo. Marehemu alikuwa amekaa kitandani, jasho jembamba usoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, anatabasamu.

"Imekwisha," alisema. "Umehama. Cherehani iko chumbani kwako."

"Nani aliibeba?"

"Haikubebwa. Iliburutwa."

Mama aligeukia korido. Akataka kwenda kuona, mumewe akamzuia. Kazi hii alitaka ionekane asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Akamwekea ufunguo mkononi, akamfumba vidole. "Kesho nitakuonyesha mwenyewe," alisema. Alfajiri ya Jumanne alikuwa anatafuta pumzi, na gari la wagonjwa likamchukua akiwa na vumbi lile lile kwenye nyusi.

Mchana wa siku hiyo mkewe alirudi kuchukua nguo, akaenda kwenye mlango. Ulikuwa mlango mzuri, na hilo lilimshangaza. Umenyooka. Mkono wa chuma uko kushoto, tundu la ufunguo liko chini yake. Alitia ufunguo, ukazunguka, ukalia tik. Akashika mkono, akasukuma. Hakuna. Akavuta. Hakuna. Akasukuma kwa bega. Dirisha la chumba lilikuwa la mbao, nalo limekomewa kwa ndani. Akarudi hospitalini na nguo.

Alhamisi, tarehe 2 Novemba, marehemu alipata nafuu kidogo, akaomba ainuliwe mto.

"Mama watoto, ule mlango..."

"Usiongee. Pumzika."

"Ule mlango, ujue, ukitaka kuufungua..."

"Nimeshaufungua," mkewe alisema.

Alimtazama. "Umeufungua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ukafunguka kama umepakwa mafuta."

"Bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na binti muuguzi akaja mbio. "Basi umenijua," alisema pumzi ilipomrudia. "Na ndani umeona?"

"Nimeona."

"Basi imekwisha." Akafumba macho, uso wake ukawa ule wa stuli na chai.

Mkewe ameomba jambo hili lisomwe hapa kama lilivyo, mbele ya watu na mbele ya mumewe. Alisema uongo. Aliusema kwa kuwa aliogopa kwamba neno la pili litamchosha, na kwa kuwa alitaka aone ule uso. Alifunika kombe, na kumbe ndani ya kombe ndimo mlimokuwa na jibu. Kesho yake hakuweza kumrudia amuulize, "Hivi, ule mlango unafunguliwaje?" Angekuwa amemnyang'anya kitu cha mwisho alichomaliza. Alingoja apone. Jumapili marehemu aliacha kuongea. Kila jioni mama alirudi nyumbani kuoga, akaujaribu mlango, akarudi hospitalini. Jumanne usiku madaktari walimwambia akapumzike, hawezi kusaidia kitu akiwa pale. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, saa kumi na robo alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, yaani binti muuguzi, kijana wao dereva wa lori, na kitinda mimba aliye chuoni, wajukuu wawili, kaka wawili na mdogo wake wa kike, na jirani seremala, ambaye familia imeomba ahesabiwe. Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliomhudumia usiku na mchana, na wote waliokuja kukaa nasi, waliolala kwenye mikeka, waliochota maji na waliofundishwa bomba.

Limebaki neno moja, la suti. Suti aliyovaa leo ni ile aliyopewa siku ya kustaafu, na ugonjwa ulikuwa umemkausha; ingemmeza. Ilipaswa kupunguzwa, na mkewe hakutaka ipunguzwe na mkono mwingine wala kwa cherehani nyingine. Cherehani yake ilikuwa nyuma ya mlango.

Alhamisi, siku moja baada ya kifo, shangazi wa watoto alimfuata jikoni. "Wifi, mlango ni mbao. Uvunjwe, ushone, tumzike kaka yangu amependeza."

"Nilimwahidi."

"Uliahidi asiuguse fundi. Hukuahidi usivunjwe. Mtaimbo si fundi."

Jirani seremala alikuja na mtaimbo wake. Alizungusha ufunguo, akasukuma kwenye mkono, akaweka bega pale pale, akasikiliza. "Shemeji, umevimba kwa mvua za wiki hii," alisema. "Hapa hapasukumiki." Alisema kwa upole, bila mzaha, lakini hakuupima mlango, alimpima aliyeutengeneza. Na mtu anayejua kazi husukuma palipo na mkono. Mama alirudisha ufunguo mfukoni. Aliomba apewe hadi Ijumaa saa sita. Wakakubaliana kwamba saa sita ikifika, mtaimbo.

Ijumaa asubuhi waombolezaji walikuwa wengi, viti havikutosha. Mama alitafuta ile stuli fupi ampe bibi mmoja, hakuiona jikoni wala uani. Alidhani kuna aliyeiazima. Saa nne hivi aliona matope ya viatu yamejaa korido, akachukua tambara akapiga magoti kuyafuta, kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Matope yalipotoka, sakafu ikaonyesha mikwaruzo miwili myeupe, ya miguu ya cherehani, kutoka ukutani ilipokuwa siku zote hadi kwenye mlango. Aliwahi kuiona akiwa amesimama, na ilimtia uchungu tu. Sasa aliifuata kwa kidole. Ilikuja katikati ya korido, ikafika mlangoni, ikakunja. Ilipita chini ya mlango ikiwa imebana upande wa kulia, mmoja ukiwa karibu ugonge fremu. Upande wa kushoto, wenye mkono, palikuwa na nafasi ya bure, shubiri nzima na zaidi.

Aliweka tambara chini. Nani anaburuta cherehani kwa kuibana kwenye bawaba, mlango ukiwa umefunguka upande mwingine? Hata yeye asingefanya hivyo. Kisha akafikiria bomba. Akafikiria swichi. Jikoni mtoto wa mtu alikuwa anamwelekeza mwenzake, "Hapana, fungua kama unafunga," na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Mama aliinuka. Alizungusha ufunguo mpaka ukalia tik. Akauacha mkono wa chuma kama ulivyo. Akahamia upande wa kulia, pasipo na mkono, tundu wala alama, akaweka kiganja.

Mlango ulifunguka. Haukukwama, haukulia. Marehemu alikuwa amefunga mkono na kitasa upande ule ule wa bawaba, na kwa miaka ishirini ya kazi zake hakuna mlango, dirisha wala kabati lililowahi kufunguka laini namna ile.

Cherehani ilikuwa chini ya dirisha. Kwa ndani, kwenye ukingo wa kulia wa mlango, palikuwa na kishikio cha kitambaa cha sare, buluu, kimekunjwa mara tatu na kupigiliwa misumari mitano, pale ambapo mmoja ungetosha. Alikuwa amejua. Alijua kosa lake, akalitengenezea mpini. Na kwenye ukuta wa mbali kabisa, ikitazamana na mlango, palikuwa na stuli fupi, na sakafuni karibu yake kikombe cha bati cha buluu, majani ya chai yamekaukia chini. Alikuwa ameingia, ameufunga, amekaa, amekunywa chai yake yote.

Shangazi wa watoto alitokea nyuma, akaona, mkono ukamwenda mdomoni. Jirani seremala alikuja na mtaimbo wake, akautazama mlango ulivyofunguka, akatazama bawaba, akatazama mkono. Akauegemeza mtaimbo ukutani. "Ningeuvunja," alisema. "Ningeuvunja, na ulikuwa mzima."

Mama alifungua dirisha, mwanga ukaingia. Uzi kwenye cherehani ulikuwa umeshapitishwa kwenye sindano, umepitishwa kinyume. Aliuchomoa, akaupitisha upya. Katika kazi zote za mumewe, hiyo ndiyo pekee aliyowahi kuirekebisha. Akakaa akapunguza suti kwenye mabega na kiunoni, na kila aliyepita korido hakuhitaji kusema samahani.

Mlango ule tumeuacha wazi tulipotoka nyumbani leo. Mungu amlaze mahali pasipo na ngazi, na pakiwa na kitu kimelegea, amwachie akitengeneze. Imekwisha, Fundi. Tumekuja, na tumeona.